Cheti Kilicho Ukutani Mfangano

Homa Bay
Alhamisi, saa kumi jioni

Akinyi mwanangu,

Bwana Marwa, karani wa shule unayoiendea Migori, ameniambia leo saa tano asubuhi kwamba mwalimu anayefika kwao na nakala ya cheti, bila cheti chenyewe, huandikwa "wa muda" na kulipwa kama mtu aliyeishia kidato cha nne. Amesema wako watatu wa namna hiyo hivi sasa, wote wana shahada, na mmoja wao ameanza mwaka wa tatu. Alikuwa amekuja mjini kuchukua madaftari ya shule. Nilimkuta nje ya duka la vitabu akingojea gari, nikamuuliza mara mbili, na mara zote mbili alijibu vilevile. Mara ya pili alitazama nyuma kwanza.

Sijui kwa nini aliniambia. Mtu anayelishwa na ofisi hana sababu ya kumfungulia baba wa mwalimu mpya mambo ya ofisi hiyo. Huenda ni mtu mwema. Huenda ana mpwa anayeitaka nafasi yako na angefurahi usipotokea. Nimeandika yote mawili kwenye daftari langu na sijafuta lolote.

Nilipoachana naye nilirudi nyumbani nikaisoma tena barua yako ya kazi. Ni barua nzuri mno. Inakusifu aya mbili nzima, na anayekusifu hajawahi kukuona. Neno "mshahara" limo mara moja tu: utalipwa "kulingana na kiwango kinachofaa". Kiwango cha nani, na kinamfaa nani, hakikutajwa. Chini kabisa, kwa herufi za mkono, mtu ameongeza kwamba nakala ya cheti iliyogongwa muhuri wa chifu itatosha kuanzia. Hayo maneno ya mkono ndiyo yaliyonifanya nikae chini kukuandikia. Ofisi iliyopiga chapa barua nzima ilikumbuka hilo baadaye, au ilikuwa na sababu ya kutolipiga chapa.

Wewe unaondoka kesho na nakala. Cheti chenyewe kiko kisiwani Mfangano, ndani ya fremu na kioo, kwenye ukuta wa babu yako, kando ya changu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa lugha yetu ya nyumbani ningezunguka, maana kuna mambo ambayo baba hamwambii binti yake. Kiingereza ndicho kilichokuwa kwenye karatasi nilizotia sahihi, na mpaka leo nikikiona kwenye karatasi ya kazi natafuta kilichofichwa. Kiswahili ndicho ninachoandikia gazeti, na nimezoea kukitumia kueleza yaliyotokea.

Mama yako yuko chumba cha pili anakupangia sanduku. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya heshima kwa shangazi yako ni yake, na ameshakwambia mara nyingi kuliko ulivyotaka kusikia. Langu ni moja. Kosa unalokaribia kulifanya nililifanya mimi kabla yako, na mwezi uliopita, siku ya shukrani ya shahada yako kisiwani, nilikuona ukilianza. Ulimkabidhi babu yako cheti kwa mikono miwili. Fremu ya seremala ilikuwa tayari imeegemezwa mlangoni. Nilijua kila kitu kitakachofuata, nami nikapiga makofi pamoja na wengine.

Ulikuwa na miaka kumi niliporudi kutoka India. Najua unakumbuka ngoma na nyama. Kwenda kwangu kulikuwa kumelipiwa na watu wengi: babu yako aliuza ng'ombe, majirani wakatoa wao, kanisa likachanga, wavuvi wa ufuo wetu wakatoa samaki wa wiki nzima. Kwa hiyo niliporudi, cheti hakikuwa changu peke yangu. Kilipitishwa mkono kwa mkono tangu asubuhi mpaka babu yako akaogopa kitachanika. Siku ya pili alimwita seremala kutoka Mbita. Kikatundikwa ukuta unaokabili mlango, na tangu hapo aliyeingia alikiona cheti kabla ya kumwona mwenye nyumba. Watu walikuja kwa mashua kukitazama, kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Nadhani ni sisi tu wa kule tunaoweza kumsomesha mtu mpaka mwisho halafu tukafungia ushahidi wake ndani ya kioo, mbali na wanaomlipa.

Nilipata kazi ya kufundisha katika shule moja ya bara, ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwa pale wengi wangali hai. Aliyeniandika aliuliza cheti. Nikatoa nakala niliyoandika kwa mkono, yenye muhuri wa chifu. Akaitazama, akanitazama, akasema nitie sahihi kama mwalimu wa muda kwa sasa, mpaka chenyewe kionekane. Nilitia sahihi siku hiyohiyo. Nilimwona ni mtu mwungwana, na yale maneno "kwa sasa" ndiyo niliyoyapenda zaidi.

Krismasi nilikwenda Mfangano kukichukua. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikamkuta bibi Adongo, yule jirani yetu, ameketi chini ya fremu na wageni wake wawili kutoka Rusinga. Alikuwa mmoja wa waliotoa ng'ombe. Hakujua kusoma. Aliinuka, akaweka kidole kwenye kioo, karibu kabisa na muhuri wa chuo, akawaambia wageni wake:

"Ng'ombe wangu yuko hapa. Mweusi, mwenye baka usoni. Mnamwona?"

Wageni wakasema wanamwona. Mmoja wao akaongeza kwamba amenenepa. Babu yako akacheka mpaka akakohoa. Nikarudisha mkono mfukoni, bisibisi ikabaki mlemle, na nilipoondoka nilikuwa na nakala nyingine, mpya, ya mwandiko mzuri zaidi.

Utauliza kwa nini sikuwaandikia wa India wanipe cheti kingine. Niliwaandikia. Walitaka tamko lenye sahihi kwamba cha kwanza kimepotea. Hakikuwa kimepotea.

Nikawa mwalimu wa muda miaka sita. Nilifundisha madarasa ya juu, nikasahihisha mitihani ya wengine, na mwisho wa mwezi nilipokea chini ya nusu ya alichopokea mwenzangu wa meza ya pili, ambaye tulisoma chuo kimoja. Nilijua, kwa sababu bahasha zetu zilikaa pamoja mezani kwa karani, na yake ilikuwa nene.

Mshahara mdogo mtu huuzoea. Sikuuzoea uongo ulioandamana nao. Watu wetu walijua nina shahada, na walijua mwenye shahada analipwa vipi. Hesabu waliifanya wenyewe. Niliporudi na sukari kidogo na sabuni mche mmoja, hawakusema huyu hana. Walisema huyu anaficha. Ndugu zangu waliacha kuniomba, wakaanza kunichunguza. Binamu yangu mmoja alikuja mpaka shuleni kuhesabu mashati yangu kwenye kamba.

Mama yako alishuku kama mwanamke anavyoshuku. Siku moja ya Jumamosi alifika bila kuniarifu, kwa boti ya asubuhi, akauliza njia mpaka kwenye chumba nilichopanga hapa Homa Bay. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikipembua omena, dagaa wa ziwa letu. Alisimama mlangoni, hakunisalimu, akaniita baba wa Akinyi kwa lugha ya nyumbani.

"Wuon Akinyi, yuko wapi?"

Nikamuuliza nani.

"Anayekula mshahara."

Nikamwambia aingie amtafute. Aliingia kweli. Alitazama nyuma ya mlango, akafungua sanduku langu, akatoa vitabu kimoja kimoja, akainua mkeka mimi nikiwa juu yake. Alipomaliza aliketi, akachukua ungo kutoka mkononi mwangu na kuendelea kupembua. Akiwa bado anapembua akasema, "Afadhali ningemkuta." Nilimweleza yote siku ile. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama tutawaambia watu. Nikasema hapana. Hilo lilikuwa kosa la pili, na ndani yake nilimtia mtu mwingine.

Kosa la tatu ni lako kujua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniomba viatu vya shule. Nilikujibu kwamba viatu huharibu nyayo za mtoto. Jioni hiyo nilipita nyuma ya ua nikakusikia ukimwambia rafiki yako, "Baba yangu ana pesa, lakini ni bahili." Rafiki yako akasema wa kwake hana pesa lakini si bahili. Mkacheka. Nilisimama pale nikafikiri kuingia nikueleze. Nikaona kwamba bahili ni mtu anayeheshimiwa angalau kidogo, na aliyeshindwa haheshimiwi. Nikapita zangu. Ulikua ukiamini hivyo, na huenda unaamini mpaka leo. Sikuwa bahili, Akinyi. Sikuwa nacho, na nilikuwa nimetia sahihi.

Kilichonitoa si shahada. Jumamosi nilikuwa naketi nje ya posta na meza ndogo, nikiwaandikia barua wavuvi na wajane wenye mashauri. Mtu mmoja wa gazeti alikuja kutafuta habari ya wizi wa mifugo kule mpakani, akakuta mimi tayari nimeiandika, kwa kuwa walioibiwa walipita mezani kwangu. Akaichukua. Wakachapisha. Wakanilipa kwa mstari. Miaka yote hii hawajaniuliza cheti hata mara moja; huuliza nani alisema, na alisema lini. Ndiyo maana napenda kazi hii.

Sasa lazima nikupe upande mwingine, usije ukadhani nina hakika nisiyo nayo. Walimu wenzangu wawili walipeleka vyeti vyao halisi ofisini wakati uleule. Mmoja alipandishwa ndani ya miezi mitatu. Mwingine aliambiwa akiache, kitahifadhiwa. Kilihifadhiwa kabatini miaka miwili, naye hakupanda hata ngazi moja, wala hakuweza kwenda kuomba kazi kwingine, kwa sababu cha kuonyesha kilikuwa kimefungiwa na wale anaotaka kuwakimbia. Kwa hiyo sikuambii kwamba kuonyesha cheti kunatosha. Cheti kilicho ukutani kwa babu na kilicho kabatini kwa mwajiri vyote viwili vimefungiwa. Kionyeshe ukiwa umekishika. Aliyekiona aandike kwamba amekiona, atie tarehe, aandike na kiwango. Kisha kirudi mkobani mwako kabla hujaketi kunywa chai yao.

Mwenyekiti wa kamati ya shule hiyo nilikutana naye wiki iliyopita, hukujua. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita mzee wangu, naye ni mkubwa kwangu. Nilimuuliza shule ina walimu wangapi wenye shahada. Akasema shule ni ya wananchi, imejengwa kwa harambee, na mwalimu mzuri haangalii mfuko. Nilimuuliza tena. Akaniuliza habari za mvua. Ninawaheshimu waliobeba mawe kujenga ile shule. Lakini nimeandika habari za harambee nyingi tangu uhuru, na uhuru sasa una miaka mitano, na nimeona kwamba anayeombwa kujitolea mara nyingi ni yule ambaye tayari kila mtu alimchangia. Anaona haya kukataa. Wanaomwomba wanajua anaona haya.

Juzi mezani ulisema, "Baba, wewe unamshuku hata anayekupisha njia." Mama yako akacheka, nami nikacheka. Ni kweli, na kushuku kumenigharimu. Mwaka wa nne nikiwa mwalimu wa muda, shule moja upande wa Wakuria iliniletea barua. Walisema watanilipa kwa shahada, cheti nitaleta nitakapoweza. Niliisoma barua ile nikitafuta mtego. Nikauona, kwa sababu anayetafuta mtego haukosi. Sikujibu. Aliyekwenda badala yangu alilipwa kama walivyosema, tangu mwezi wa kwanza, na leo ndiye mwalimu mkuu. Nilichopaswa kufanya ni kupanda gari, kufika pale, na kuwauliza waziwazi. Nauli ya siku moja. Nilikaa nyumbani nikishuku, nikajiona mwerevu.

Ndiyo maana sikuambii usiende. Nimeshakosea kwa kuamini nikatia sahihi, na nimeshakosea kwa kushuku nikakaa. Nenda ukaulize. Mwalimu mkuu akikujibu sawasawa na kuandika alichojibu, mimi nitakuwa nimemdhania vibaya, na nitamwomba radhi mbele yako. Akikupa kalamu kabla ya jibu, usiishike. Na kama hakuna kinachoandikwa, tutarudi pamoja kwa basi la mchana. Kurudi nyumbani bila kazi siku ya kwanza ni jambo la kusemwa wiki moja. Mimi niliogopa wiki hiyo moja, nikalipa miaka sita.

Linabaki la ukuta.

Najua kwa nini ulimpa babu yako cheti. Macho yake yanafifia, na uliona alivyopapasa ile fremu kabla hata haijatiwa kitu. Ukijaribu kukichukua wewe, utashindwa kama nilivyoshindwa, na safari hii si bibi Adongo peke yake atakayekuwa ameketi pale. Nusu ya kisiwa ilikuchangia. Kazi hiyo si yako. Ni yangu, na imechelewa.

Leo adhuhuri nimemtumia babu yako salamu kwa mwenye boti. Nimemwomba awaite wazee wa nyumba na wote waliotoa kitu kwa ajili yangu, walio hai, na bibi Adongo aletwe hata kwa kubebwa. Nimesema nina maneno. Mwenye boti aliniuliza, "Mwalimu, ni ya heri au ya msiba?" Nikamwambia ni ya zamani.

Nitawaambia nililipwa kiasi gani, miaka yote sita, na kwa nini. Nitawaambia kwamba sukari kidogo ile ndiyo iliyokuwepo. Baadhi yao hawataamini. Watadhani nimepata njia mpya ya kuficha, na sitawalaumu, nimewafundisha mwenyewe. Bibi Adongo sijui nitamwambia nini. Nimefikiria tangu saa sita na sijapata. Babu yako ataniuliza ukutani kutabaki nini. Nitatoa changu kwanza, mbele ya macho yao, ili asidhani ni chako tu kinachonisumbua. Kisha nitatoa chako. Bisibisi ni ileile, ninayo.

Barua hii nitakupa kesho kituoni ukishakaa kwenye kiti, si kabla. Ukiisoma hapa utataka kubishana nami, na basi halingoji. Migori fikia kwa shangazi yako, tafuta chumba Jumamosi na Jumatatu, na shuleni usipite hata kusalimia. Ile nakala yenye muhuri wa chifu nimeitoa mkobani mwako. Ninayo hapa mezani, chini ya taa, na haitakwenda popote.

Boti inaondoka gati la Homa Bay Jumamosi saa moja asubuhi. Nitarudi Jumapili kabla ya jua kuzama. Jumatatu nitapanda basi la Migori, nitalala kwa shangazi yako. Umeitwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Saa tatu kasorobo nitakuwa nimesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, nikikungoja, na cheti chako kitakuwa nje ya kioo.

Baba yako